Safu ya Lugha: Soriasisi si ukurutu

Kurasa zetu za afya zimezoea kuuita ukurutu kila ugonjwa wa ngozi usiopona. Ukurutu una maana yake: ngozi kavu, yenye kuwasha, ambayo tabaka lake la juu limedhoofika likawa linapoteza maji. Upele huletwa na mdudu mdogo anayejichimbia ngozini, choa huletwa na kuvu, na maradhi yote mawili huambukiza. Soriasisi haiambukizi hata kidogo, ndiyo maana jina likikosewa anaumia mgonjwa, yule anayekimbiwa kwenye daladala.

Neno limetoka Kigiriki, psora, yaani muwasho. Matabibu wa zamani nao walilichezea, wakachanganya soriasisi na ukoma hadi karne ya 19, Ferdinand von Hebra wa Vienna alipoyatenganisha.

Siku hizi tunaandika kwamba “kinga ya mwili inashambulia ngozi”, kana kwamba ngozi imekaa tu ikipigwa. Hiyo ni nusu ya habari. Seli za tabaka la juu, keratinosaiti, huchukua takriban mwezi mmoja kukomaa na kubanduka. Kwenye soriasisi hukimbizwa kwa siku chache, zikarundikana. Tena zenyewe hupiga mbiu: hutoa kemikali zinazoita seli za kinga, nazo zikifika huzichochea keratinosaiti zizidi kugawanyika. Basi tuandike “zinachocheana”. Na kile kinachobanduka kiwikoni ni magamba. Mba ni kitu kingine.