Mlango wa Maktaba na Waliobaki Nje

Kabla ya maktaba za umma, vitabu vya Waswahili viliishi majumbani. Mwana Kupona binti Mshamu alipomtungia bintiye, Mwana Hashima, ule utendi wa wasia yapata mwaka 1858, hapakuwa na matbaa karibu naye wala duka la vitabu. Utendi ulihifadhika kwa kunakiliwa kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu, na kwa kusomwa kwa sauti wakasikia hata wasiojua kusoma. Nyumba moja iliikopesha nyengine. Ukarimu huo, hata hivyo, ulikuwa na mpaka: asiye na jamaa wala jirani mwenye kitabu hakuwa na pa kupiga hodi.

Maktaba ya umma ndiyo iliyoahidi kuuondoa mpaka huo. Tuitazame basi ile ya McMillan, mjini Nairobi, ambayo wasomaji wetu wengi wameipita wakienda kuswali Msikiti wa Jamia ulio jirani yake. Ilijengwa na Lady Lucie McMillan kwa kumkumbuka mumewe, Sir William Northrup McMillan, aliyefariki mwaka 1925. Ilifunguliwa mwaka 1931, nguzo zake zimesimama wima na simba wawili wa mawe wameketi mlangoni. Simba hao walikuwa na kazi, naam, kwani hadi mwaka 1958 maktaba ile ilikuwa ya Wazungu peke yao. Karani wa Kiafrika aliyeweza kusoma, na mfanyabiashara wa Kihindi aliyekuwa na duka mitaa michache tu kutoka hapo, wote walipita kando na watoto wao mkononi.

Hesabu yake ni nyepesi, lakini inauma. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa kufunguliwa kwake alikuwa ametimiza miaka 27 zuio lilipoondoka. Pengine keshakuwa mzazi. Umri wa kusomewa hadithi na mama yake ulikuwa umempita, na hakuna sheria iwezayo kuurudisha.

Tena mlango kufunguliwa ni jambo moja, kuufikia ni jambo jengine. Familia za wafanyakazi zilikaa mashariki ya mji, nazo zilikuja kuhudumiwa na matawi mawili madogo, la Kaloleni na la Makadara. Mimi nayathamini matawi haya kuliko nguzo zote za jengo kuu. Katika nyumba ya chumba kimoja, ambamo kitanda ndicho kiti na ndicho meza, mtoto hakosi akili. Anakosa pahala pa kuliweka daftari lake na utulivu wa saa moja. Matawi hayo, pamoja na jengo kuu, yalichakaa kwa miaka mingi, mpaka shirika la Book Bunk, lililoasisiwa na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, liliposhika kazi ya kuyafufua kwa kushirikiana na Kaunti ya Nairobi.

Na wale wasio na mtaa, wanaohama na mifugo yao? Mwaka 1996 huduma ya maktaba ya taifa ya Kenya ilianza kutumia ngamia kutokea Garissa. Ngamia mmoja alibeba masanduku ya vitabu, mwengine hema. Hema likikitwa, masanduku yalifunguliwa mchangani, na watoto wakachagua.