Simon Stevin, karani wa Bruges aliyetupa hesabu za kumi kumi

Ukitaja Waholanzi na Waflemi mashuhuri, wengi watakutajia Rembrandt na michoro yake, Mercator na ramani yake, au Leeuwenhoek aliyechungulia vijidudu ndani ya tone la maji. Mimi wangu ni Simon Stevin, na nadhani kila anayeandika programu ana deni kwake.

Alizaliwa Bruges mwaka 1548, mtoto wa nje ya ndoa. Hakuanzia chuoni bali kwenye madaftari: alikuwa karani wa hesabu huko Antwerp, kisha akafanya kazi ya fedha za serikali kwao Bruges. Mwaka 1581 alihamia Leiden, vita vya Waholanzi dhidi ya mfalme wa Uhispania vikiwa vimepamba moto, na alipojiandikisha chuo kikuu mwaka 1583 alikuwa mtu mzima wa miaka 35 hivi. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa ametoa majedwali ya kukokotoa riba. Majedwali ya aina hiyo yalikuwepo, ila wenye mabenki waliyaficha kama siri ya biashara. Stevin akayachapisha kila mtu ayaone. Wapenzi wa programu huria, huyu ni mwenzenu!

Halafu mwaka 1585 kikatoka De Thiende, kijitabu chembamba sana. Hakuwaandikia maprofesa, aliwataja wanajimu, wapima ardhi, wapima vitambaa, wapima mvinyo, wafua sarafu na wafanyabiashara. Watu hawa walikuwa wakihangaika na sehemu: theluthi hapa, moja ya kumi na mbili pale. Stevin akawaambia wagawanye kila kitu kwa kumi, kisha kwa kumi tena, halafu wahesabu kwa namba nzima tu. Mfano wake mmoja ni kujumlisha 27.847, 37.675 na 875.782. Unajumlisha 27847, 37675 na 875782 kama namba za kawaida, unapata 941304, kisha unarudisha nafasi: 941.304. Yeye hakutumia nukta, alichora vijiduara vyenye namba juu ya kila tarakimu, mtindo mzito ambao haukudumu.

Sasa angalia vile tunavyohifadhi pesa kwenye kompyuta. Mashine inahesabu kwa mbili mbili, kwa hivyo 0.1 haiingii sawasawa. Iambie ijumlishe 0.1 na 0.2, na lugha nyingi zitakupa 0.30000000000000004. Katika mfumo wa malipo hicho kijimkia ni balaa. Dawa inayotumika sana ni kuhifadhi senti kama namba nzima na kuweka nukta wakati wa kuonyesha tu. Yaani ni kile kile alichowaambia wapima mvinyo.

Tusimpe sifa zisizo zake lakini. Al-Uqlidisi aliandika sehemu za kumi huko Damascus katika karne ya 10, na al-Kashi wa Samarkand alizitumia kwa ustadi katika karne ya 15. Kazi ya Stevin ilikuwa kuzishusha hadi sokoni. Alitaka hata sarafu na vipimo vigawanywe kwa kumi. Waingereza walichelewa kweli kweli: pauni yao ilibaki na shilingi 20 za peni 12 hadi Februari 1971, wakati shilingi ya Afrika Mashariki, waliyotuletea wao wenyewe mwaka 1921, ilikuwa na senti 100 tangu mwanzo.

Mambo yake mengine nayapitia haraka: milango ya maji, ngome za Mwanamfalme Maurits, na gari la matanga lililobeba abiria zaidi ya ishirini kwenye ufuo wa Scheveningen likikimbia kuliko farasi. Mwaka 1586 alieleza jinsi yeye na Jan Cornets de Groot walivyoangusha tufe mbili za risasi kutoka futi 30, moja nzito mara kumi kuliko nyingine, zikatua kwa kishindo kimoja. Galileo alikuwa hata hajaanza kufundisha Pisa.

Kwa nini basi tunamjua Galileo tu? Sababu mojawapo ni lugha. Wasomi waliandika Kilatini. Stevin aliandika Kiholanzi makusudi, na palipokosekana neno alilibuni au kulieneza. Hisabati akaiita wisconst, yaani ustadi wa mambo ya hakika. Gharama ilikuwepo: nje ya Uholanzi wengi walimsoma kwa kusubiri tafsiri. Lakini mwaka 1600 Maurits alipofungua shule ya wahandisi Leiden, mtaala ulikuwa wa Stevin na masomo yakatolewa kwa Kiholanzi, hivyo fundi asiyejua Kilatini akaweza kusoma upimaji wa ardhi na ujenzi wa ngome.

Sisi bado tunazozana kati ya kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Mimi siogopi ubishi huo. Ninachoogopa ni neno linalokaa kwenye kamusi bila darasa la kulitumia. Neno la Stevin lilipata darasa. Waingereza, Wafaransa na Wajerumani wote huiita hisabati kwa jina la Kigiriki, lakini mtoto wa Uholanzi leo akienda shule anasoma wiskunde.