Shirika la Usafiri Dar es Salaam na Gharama ya Nauli Nafuu

Historia ya usafiri wa abiria jijini Dar es Salaam haiwezi kutenganishwa na historia ya Shirika la Usafiri Dar es Salaam, lililojulikana na wote kwa kifupi cha UDA, ambalo kwa takriban miaka 10 ndilo pekee lililokuwa na haki ya kisheria ya kubeba abiria kwa mabasi ndani ya jiji. Kuporomoka kwake huelezwa mara nyingi kuwa ni ushahidi kwamba serikali haina uwezo wa kuendesha mabasi. Maelezo hayo ni mepesi mno, kwa kuwa yanaruka swali lililokuwapo kabla ya UDA kuundwa na ambalo halijapata jibu hadi leo, nalo ni nani anayepaswa kulipa tofauti kati ya nauli anayoimudu mtu wa kipato cha chini na gharama halisi ya kumfikisha anakokwenda.

Wakoloni waliligawa jiji hili kwa misingi ya rangi, wakawa na Uzunguni kando ya bahari, Uhindini katikati ya mji na Uswahilini upande wa Kariakoo, na mgawanyo huo ndio uliopanga pia safari za kila siku, kwa sababu kazi zilikuwa bandarini, stesheni na maofisini, ilhali wafanyakazi wengi waliishi Kariakoo na Ilala na kwenda kazini kwa miguu au kwa baiskeli. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia makazi mapya ya Waafrika yalienea Magomeni, Temeke na Kinondoni, na umbali ukawa mkubwa kiasi kwamba miguu peke yake haikutosha tena. Katika kipindi hicho ilianzishwa Dar es Salaam Motor Transport Company, kwa kifupi DMT, kampuni ya mtaji wa Kiingereza iliyoendesha mabasi ya mjini pamoja na ya safari ndefu za kwenda mikoani.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipotangaza kwamba njia kuu za uchumi ziwe chini ya umma, DMT haikuweza kubaki ilivyokuwa, na mwaka 1970 ilitaifishwa. Mwaka 1974 shughuli zake ziligawanywa mara mbili: safari za mikoani zilikabidhiwa KAMATA, yaani Kampuni ya Mabasi ya Taifa, na safari za jijini zikakabidhiwa UDA. Mantiki ya mgawanyo huo ilikuwa nzuri, kwani basi la kwenda Moshi au Mbeya na basi la kwenda Temeke ni biashara mbili tofauti, lakini athari yake moja haikuzingatiwa vya kutosha: shirika la jijini lilibaki na safari fupi zenye nauli ndogo, abiria wengi wa asubuhi na jioni, na magari yaliyoshinda nusu tupu mchana kutwa.

UDA ilizaliwa wakati mbaya. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda ghafla duniani mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 1979, mwaka uleule ambao nchi ilikuwa ikimalizia vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin, na fedha za kigeni zikawa adimu kuliko wakati wowote tangu uhuru. Wakati huohuo idadi ya wakazi wa Mkoa wa Dar es Salaam iliongezeka kutoka wapatao 356,000 katika sensa ya mwaka 1967 hadi wapatao 843,000 katika sensa ya mwaka 1978. Shirika lilitakiwa kuwabeba watu hao kwa nauli iliyopangwa na serikali, ambayo kwa sababu za kisiasa zinazoeleweka haikuruhusiwa kupanda sambamba na gharama, na lilitakiwa pia kumbeba mwanafunzi kwa nauli ya chini zaidi. Hakuna fungu la uhakika lililotengwa kufidia pengo hilo.

Matokeo yake yalionekana kwanza gereji. Mabasi ya Leyland kutoka Uingereza na ya Ikarus kutoka Hungaria, yakiwemo yale marefu yaliyoungwa katikati ambayo wakazi waliyaita kumbakumba, yalihitaji vipuri vya kununuliwa kwa fedha za kigeni, na kila aina ilihitaji vipuri vyake. Basi lililoharibika giaboksi lilisubiri kibali cha kuagiza, na lilipokuwa likisubiri lilinyofolewa taa, betri na matairi ili lingine liweze kuingia barabarani, hata likafika mahali ambapo halifufuki tena. Mafundi waliofanya kazi hiyo wanastahili heshima kubwa kuliko waliyopewa, kwa kuwa ndio waliolirefushia shirika maisha. Vituoni, abiria walikaa kwa saa nyingi, na basi lilipofika waliingia kwa kusukumana, wengine wakipitia madirishani.

Pengo hilo lilijazwa na magari yasiyo na leseni, hasa pikapu zilizofungwa mabenchi mawili yaliyotazamana, ambazo watu waliziita chai maharage. Polisi waliyakamata, nayo yakarudi barabarani, kwa sababu wafanyakazi wa serikali hiyohiyo walikuwa miongoni mwa abiria wake. Mwaka 1983 serikali ilikubali hali halisi na kuruhusu magari ya watu binafsi yabebe abiria jijini, na inafaa kukumbukwa kwamba mwaka huohuo ndio uliokuwa wa kampeni kali dhidi ya wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, jambo linaloonyesha jinsi tatizo la usafiri lilivyokuwa limeelemea hata msimamo wa kisiasa. Nauli ilikuwa shilingi 5, sarafu iliyoitwa dala, na magari hayo yakapata jina la daladala.

Daladala ziliokoa jiji, na hilo lisemwe bila kusita. Hata hivyo zilifuata mfumo wa hesabu, yaani kiasi maalumu ambacho dereva humkabidhi mwenye gari kila jioni, na kinachozidi baada ya mafuta kikawa ndio riziki yake na ya konda, bila mkataba wala mshahara. Mfumo huo unaeleza mambo mengi ambayo lawama zake hutupiwa tabia za watu: mwendo wa kasi, kusubiri hadi gari lijae, kukatisha ruti kabla ya kituo cha mwisho, na zaidi ya yote kumkatalia mwanafunzi mlangoni. Mwanafunzi alichukua nafasi ya mtu mzima na kulipa sehemu tu ya nauli, na tofauti ilitoka mfukoni mwa konda ambaye mwenyewe hakuwa na uhakika wa chakula cha jioni. Gharama ambayo zamani iliiangukia UDA sasa ilimwangukia kijana anayening'inia mlangoni na, konda alipokataa kuibeba, mtoto aliyebaki kituoni na sare zake.

UDA yenyewe haikufutwa, bali ilidhoofu polepole. Uuzaji wa hisa zake kwa kampuni binafsi mwaka 2011 ulizua mjadala mkali, na jina lake likaendelea katika UDART, kampuni iliyoanza Mei 2016 kuendesha mabasi yaendayo haraka, maarufu kama mwendokasi, kati ya Kimara na Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani. Barabara maalumu zilijengwa kwa fedha za umma na mkopo wa Benki ya Dunia, lakini uendeshaji ulitarajiwa kujilipia kwa nauli. Mwendeshaji aliomba nauli kubwa zaidi, na SUMATRA, mamlaka iliyosimamia usafiri wakati huo, ikapitisha shilingi 650 kwa njia kuu na 200 kwa mwanafunzi. Kumlinda abiria kulikuwa sahihi, kama kulivyokuwa sahihi mwaka 1974, lakini kwa mara nyingine uamuzi wa nauli ulitangulia uamuzi wa nani afidie. Njia za Mbagala na Gongo la Mboto zilipangwa katika awamu zilizofuata, na wanaozisimamia wanapaswa kuiandika fidia ya mwanafunzi kwenye bajeti ya serikali, kwa tarakimu.