Vifaru Vilivyotumwa Kulima Kongwa

Fundi anayetaka kuing'oa fremu ya mbele ya gari dogo na kuifunga chini ya pikapu ya zamani hana budi kujiuliza swali moja kabla ya kuwasha moto wa kuunganishia: je, kiungo hiki kitaweza kubeba mzigo usiokuwa wake? Springi zilizopimwa kwa uzito wa gari dogo hulala chini ya injini nzito. Na magurudumu yasipokaa mahali pake, usukani huvuta upande na mipira huliwa upesi. Chuma huungana na chuma kwa muda mfupi, lakini kazi ya kwanza ya chuma hicho haisahauliki. Katika nyanda za kati za Tanzania jambo hilo lilidhihirika kwa kipimo kikubwa mno huko Kongwa, mashariki ya Dodoma, baina ya mwaka 1947 na 1951.

Chanzo chake kilikuwa upungufu wa mafuta ya kula uliowapata Waingereza baada ya Vita Kuu ya Pili. Mnamo 1946 Frank Samuel wa United Africa Company alitoa shauri kwamba karanga zilimwe kwa mashine katika Tanganyika. Mwaka huo huo ujumbe wa John Wakefield ulizunguka nchi, ukapendekeza eka 3,210,000, nyingi zake zikiwa Tanganyika na zilizosalia Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. John Strachey, Waziri wa Chakula, akauunga mkono mpango huo, na Kongwa ikachaguliwa kuwa mahali pa kuanzia.

Matrekta mapya yalikuwa adimu siku hizo. Kwa hiyo zilinunuliwa mashine kuukuu za jeshi la Marekani zilizoachwa Ufilipino, na nyingi zilifika zikiwa zimekwisha kuchakaa. Ndipo kampuni ya Vickers-Armstrongs ya Newcastle ilipopewa kazi ya ajabu: kuvigeuza vifaru aina ya Sherman kuwa matrekta. Mzinga na mnara wake viliondolewa, mabamba mazito ya kukinga risasi yakavuliwa, na viungo vya chini, yaani gea na minyororo, vikatumika katika umbo jipya. Jina la mashine hiyo, Shervick, nalo lilikuwa kiungo cha majina mawili, Sherman na Vickers.

Si haki kuwacheka mafundi wale. Kifaru kina nguvu nyingi, na Marekani ilikuwa imeunda vifaru vya Sherman vipatavyo 49,000. Chuma kilikuwepo, na haja ilikuwa kubwa. Isitoshe, ndoto ya kufua panga ziwe majembe ni ya kale, tena ni njema. Lakini kifaru kiliundwa kwenda mbio, kupiga na kuondoka. Trekta hukokota polepole, kutwa nzima, siku baada ya siku, na mzigo wake hauko juu ya mgongo bali nyuma yake, ndani ya ardhi.

Na ardhi ya Kongwa haikuwa mzigo mwepesi. Vichaka vyake vimesongamana, na mizizi yake imefumana chini kama mkeka. Meno ya majembe yalipinda na kuvunjika. Mvua ikikatika, udongo wa mfinyanzi hukauka ukawa mgumu kama tofali, na mchanga uliomo husaga chuma. Wagogo walijua tabia hiyo ya nchi yao. Ndiyo sababu walitegemea ng'ombe, mtama na uwele, wakayahesabu makali ya ukame kwa majina ya njaa zao, kama ile ya Mtunya ya 1917 hadi 1920. Maarifa hayo hayakuingizwa katika hesabu za mpango. Mwaka wa kwanza zilikusudiwa eka 150,000. Zilizofyekwa hazikufika hata 10,000.

Mnamo Januari 1951 Serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango huo, na paundi zipatazo milioni 36 zikafutwa kuwa hasara. Hata hivyo, Kongwa haikuachwa mikono mitupu kabisa: Waafrika wengi walitoka huko wakiwa madereva na mafundi. Reli ndogo iliyotoka Msagali iling'olewa baadaye. Sehemu ya mashamba ikawa malisho ya ng'ombe. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani: nchi iliyotaka kugeuzwa kwa nguvu za vifaru ilirudia kazi ambayo wenyeji wake waliifanya tangu zamani.

Mara nyingi husemwa kwamba mashine zilishindwa Kongwa. Kauli hiyo ina ukweli nusu. Kule Newcastle kila kiungo kilipimwa kwa kiungo kingine, na vikakubaliana. Kilichokosa kupimwa ni kazi yenyewe, na wenye kuijua kazi hiyo hawakuulizwa.