Chati ya wauguzi wa Vienna

Mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa kazi ghafla hufikishwa hospitalini akihema, hawezi kulala chali, miguu imevimba na mapafu yamejaa maji. Katika karne ya 19 daktari wake hakuwa na mengi. Dijitalisi, dawa ya mmea ambayo William Withering wa Birmingham aliieleza mwaka 1785, iliwafaa baadhi na kuwadhuru waliozidishiwa. Wengine walitobolewa miguu na kuingizwa mirija myembamba ya Reginald Southey wa London, maji yakawa yanadondoka tone kwa tone kwa saa nyingi.

Njia mpya ilipatikana Vienna mwaka 1919, tena bila kutafutwa. Alfred Vogl, mwanafunzi wa udaktari, alikuwa akimchoma msichana mwenye kaswende sindano za Novasurol, dawa yenye zebaki. Wauguzi wa wodi ile walikuwa na desturi ya kupima mkojo wa wagonjwa na kuuandika kwenye chati. Vogl alipoipitia chati ya msichana aliona kwamba kila alipochomwa sindano, mkojo uliongezeka sana. Dawa ikajaribiwa kwa wagonjwa wa moyo, na uvimbe ukapungua. Vitabu humtaja Vogl. Kwangu mimi, heshima ya kwanza ni ya wauguzi hao, ambao bila daftari lao asingeona kitu.

Zebaki ni sumu, na furosemaidi, dawa nyingine ya kuongeza mkojo, ilipoingia miaka ya 1960 ilichukua nafasi yake. Hadi leo ndiyo sindano ya kwanza. Hata hivyo, kwa miongo kadhaa kipimo chake kilifuata mazoea: daktari huyu alitoa kidogo akihofia figo, yule alitoa nyingi. Jaribio la DOSE, lililohusisha wagonjwa 308 na kutolewa matokeo mwaka 2011, halikuona tofauti kubwa kati ya dripu ya mfululizo na sindano za kila saa 12. Mwaka huohuo nesiritaidi, dawa ghali ya moyo ulioshindwa kazi iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2001, ilipimwa kwa wagonjwa zaidi ya 7,000. Haikupunguza vifo wala idadi ya waliorudishwa wodini.

Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2021 kuhusu moyo kushindwa kazi unataka mkojo upimwe katika saa 6 za mwanzo. Usipofika mililita 100 hadi 150 kwa saa, dozi ya furosemaidi inaweza kuongezwa maradufu. Kazi hiyo haihitaji maabara. Inahitaji chombo chenye alama na muuguzi aliyepewa muda wa kukisoma.