Kamera ya Taa Nyekundu na Dereva wa Lori Marekani

Maurice Gatsonides alipenda mwendo. Mholanzi huyu aliyezaliwa kisiwani Java mwaka 1911 alishinda mbio za magari za Monte Carlo mwaka 1953, na kwa kuwa alitaka kujua kwa uhakika anapita kona kwa kasi gani, alijitengenezea kifaa cha kupimia. Mwaka 1958 akaanzisha kampuni ya Gatsometer, na katikati ya miaka ya 1960 kampuni hiyo ikatoa kamera ya taa nyekundu. Mipira iliyolazwa barabarani ilihisi magurudumu yakipita wakati taa imekwisha kuwa nyekundu, na kamera ikapiga picha. Hivyo ndivyo chombo cha dereva aliyetaka kwenda kasi zaidi kilivyoishia mikononi mwa polisi.

Marekani ilichelewa kukipokea. New York ilitangulia mwaka 1993, San Francisco ikafuata mwaka 1996, Chicago mwaka 2003. Kufikia mwaka 2012 miji zaidi ya 500, mikubwa na midogo, ilikuwa na kamera kwenye makutano yake. Haja ilikuwepo kweli: hata mwaka 2022, zaidi ya watu 1,100 walikufa nchini humo katika ajali zilizotokana na magari kuvuka taa nyekundu, na wengi wa wanaokufa hivyo si wale waliovunja sheria.

Ila kamera nyingi humtambua mkosaji kwa namba ya gari tu. Askari wa trafiki akisimamisha gari huomba leseni, akamjua aliyeketi nyuma ya usukani. Kamera hupiga picha ya nyuma ya gari na kazi yake huishia hapo. Watunga sheria wa New York walilitatua hilo kwa kuifanya faini ifanane na ile ya kuegesha vibaya: dola 50, hutumwa kwa mwenye gari, haiongezi pointi kwenye leseni ya mtu. Chicago ilifuata njia hiyo hiyo, kwa dola 100. Kwa familia yenye gari dogo, ambapo mwenye gari na dereva mara nyingi ni mtu mmoja, utaratibu huo unaeleweka. Kwenye malori, mambo yalikuwa tofauti tangu siku ya kwanza.

Miaka saba kabla ya kamera za New York, Bunge la Marekani lilikuwa limepitisha sheria iliyolenga upande wa pili kabisa. Kabla ya mwaka 1986, majimbo mengi yalimruhusu mtu mwenye leseni ya kawaida kuendesha lori la magurudumu 18 bila mtihani maalumu, na dereva mwenye makosa mengi aliweza kuwa na leseni za majimbo kadhaa, akayagawa makosa yake kati ya hizo. Sheria ya usalama wa magari ya biashara ya mwaka 1986 ilikomesha hayo. Tangu Aprili 1992 kila dereva wa lori kubwa anatakiwa kuwa na leseni moja tu ya biashara, na rekodi moja inayomfuata popote aendapo. Akitiwa hatiani kwa kosa lolote la barabarani isipokuwa la kuegesha, hata kama alikuwa na gari lake binafsi siku ya mapumziko, lazima amjulishe mwajiri wake ndani ya siku 30. Na majimbo hayaruhusiwi kumfichia hatia kama yanavyowasaidia madereva wengine, wanaokwenda darasani siku moja na kosa likafutika. Wakenya, Wasomali na Wakongomani wengi waliohamia Marekani wanaishi kwa leseni hiyo. Kwao rekodi safi ndiyo mtaji.

Kwa hiyo kulikuwa na sheria mbili, moja ikimfuata mtu, nyingine ikiifuata namba ya gari. Zilikua kila moja kivyake, na zilipokutana makutanoni hakuna aliyekuwa amefikiria jinsi zitakavyomgusa dereva wa lori.

Chukua suala la tela. Lori la masafa marefu ni vipande viwili, kichwa na tela, na kila kimoja kina namba yake. Mara nyingi kila kimoja kina mwenyewe: kichwa ni cha dereva anayejitegemea au cha kampuni ya usafirishaji, tela ni la kampuni nyingine inayokodisha. Kamera inayopiga picha kwa nyuma huona namba ya tela. Barua ya faini huenda basi kwa mwenye tela, ambaye huenda hajui ni nani aliyelivuta siku hiyo. Ofisi huanza kutafuta kwenye mikataba na kumbukumbu za safari, barua hupita mkono hadi mkono, na inapomfikia dereva, muda wa kukata rufaa unaweza kuwa umekwisha. Yeye hakumbuki taa yenyewe. Amepita mamia ya taa tangu siku ile. Anachokiona ni makato kwenye malipo yake.

California ilichagua njia nyingine, na kali zaidi. Huko, kwa miaka mingi, kosa lililonaswa na kamera lilikuwa kosa kamili la barabarani: picha ya uso wa dereva ilihitajika, gharama zote zilikaribia dola 500, na pointi iliingia kwenye rekodi. Sheria ya jimbo huihesabu pointi ya dereva aliyekuwa na gari la biashara mara moja na nusu ya pointi ya dereva wa kawaida. Kitendo kile kile, kwa dereva yule yule na lori lile lile, kilikuwa deni la dola 50 kule New York na doa la kazi kule Los Angeles.

Illinois nako kulikuwa na mtego wake. Hadi katikati ya mwaka 2021, mtu aliyelimbikiza faini tano za kamera bila kuzilipa aliweza kusimamishiwa leseni. Karani wa ofisi aliyenyang'anywa leseni hupanda treni kwenda kazini. Dereva wa lori hana pa kwenda. Kumzuia mtu asifanye kazi ambayo ndiyo ingemwezesha kulipa deni lilikuwa jambo la kikatili, na jimbo lilifanya vyema kulifuta.

Kuna pia suala la taa ya njano, na hili halihusu karatasi wala ofisi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 watafiti watatu wa kampuni ya General Motors, Denos Gazis, Robert Herman na Alexei Maradudin, walikokotoa taa ya njano idumu muda gani ili dereva asijikute mahali ambapo hawezi kusimama kwa usalama na hawezi pia kupita kabla ya nyekundu. Wahandisi wa barabara waliichukua hesabu hiyo, wakazoea kumpa dereva sekunde moja ya kushtuka, kisha wakachukulia kwamba gari litapunguza mwendo kwa takriban mita 3 kwa sekunde katika kila sekunde. Kwa gari linalokwenda kilomita 72 kwa saa, njano hutoka sekunde 4.3.

Sasa weka hapo lori la tani 36, uzito wa juu unaoruhusiwa kwenye barabara kuu za Marekani. Breki zake ni za upepo, na upepo huchukua karibu nusu sekunde kusafiri kwenye mabomba hadi magurudumu yaanze kukamatwa. Kwa mwendo ule, nusu sekunde ni mita 10 ambazo lori limekwenda bure. Teknolojia imesaidia: kanuni ya mwaka 2009 ilitaka vichwa vingi vipya vilivyobeba mzigo viweze kusimama ndani ya mita 76 kutoka kilomita 97 kwa saa, wakati kanuni ya awali iliruhusu mita 108. Lakini kuweza kusimama si sawa na kusimama salama. Lori la mafuta lisilojaa hubeba wimbi ndani yake. Vitabu vya mtihani wa leseni ya biashara huonya kwamba kwenye barabara inayoteleza wimbi hilo linaweza kulisukuma lori lililokwisha kusimama hadi katikati ya makutano. Dereva mzoefu huyapima hayo yote kwa muda mfupi mno, na kuna nyakati uamuzi wenye busara ni kupita. Kamera huandika tu kwamba taa ilikuwa nyekundu.

Aliyeitikisa hesabu ya taa ya njano hakuwa dereva wa lori. Mwaka 2013 mke wa Mats Järlström, mtaalamu wa elektroniki mzaliwa wa Sweden, aliandikiwa faini ya kamera mjini Beaverton, Oregon. Järlström aliichambua kanuni ya njano na kuona kwamba haikulifikiria gari linalopunguza mwendo ili likate kona. Bodi ya wahandisi ya jimbo ilimtoza dola 500 kwa kufanya uhandisi bila kibali. Alikwenda mahakama ya shirikisho, akashinda mwaka 2018, na mwaka 2020 taasisi ya wahandisi wa usafirishaji ilitoa mwongozo mpya unaoyazingatia magari yanayokata kona. Magari machache hupunguza mwendo kabla ya kona kama lori lenye tela la mita 16, kwa hiyo madereva wa malori wana deni la shukrani kwake.

Chicago, kwa upande wake, ilitoa sababu ya kushuku nia ya kuweka kamera. John Bills, ofisa wa jiji aliyesimamia kamera, alikuwa akihongwa na kampuni ya Redflex iliyoziendesha. Mwaka 2016 alihukumiwa kifungo cha miaka 10, na aliyekuwa mkuu wa Redflex nchini Marekani alifungwa pia. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kumshawishi dereva yeyote kwamba kila kamera iliwekwa mahali palipohitaji usalama.

Hata hivyo takwimu haziwapendelei wanaotaka kamera zote zing'olewe. Utafiti wa idara ya barabara kuu ya serikali ya Marekani wa mwaka 2005 ulikuta kwamba kwenye makutano yenye kamera, ajali za kugongana ubavuni zilipungua kwa karibu asilimia 25, huku zile za kugongwa nyuma zikiongezeka kwa karibu asilimia 15. Za ubavuni ndizo zinazoua zaidi, na faida hiyo ni kubwa. Lakini kwa anayeendesha lori la tani 36, gari dogo linalokanyaga breki ghafla mbele ya kamera ni hatari ya aina yake.

Houston ilizikataa kamera kwa kura mwaka 2010, na Texas nzima ikazipiga marufuku mwaka 2019. New York imekwenda kinyume: mwaka 2024 jimbo liliruhusu jiji lipanue kamera kutoka makutano 150 hadi 600. Malori yanayolisha jiji hilo yatapita chini yake usiku na mchana, na faini itaendelea kwenda kwa mwenye namba iliyoonekana pichani.