Daraja za Watu katika Dola ya Wareno

Afonso de Albuquerque alipoutwaa mji wa Goa mwaka 1510, aliwahimiza askari wake waoe wanawake wa huko, kwani Ureno, nchi ndogo isiyo na watu wengi, haikuweza peke yake kuzijaza ngome zake kutoka Sofala hadi Malaka. Ndoa hizo, ambazo mtu angetaraji ziwasawazishe watu, zilizidisha daraja: juu walikaa waungwana waliozaliwa Ureno, chini yao Wareno wazaliwa wa Bara Hindi, kisha machotara, kisha wenyeji waliobatizwa, na mwisho kabisa watumwa, kila mmoja akapimwa kwa nasaba yake kabla ya kupimwa kwa amali zake.

Hakuna aliyezionja daraja hizo kwa uchungu zaidi kuliko Yusuf bin Hassan wa Mombasa. Baba yake, Sultani Hassan wa ukoo wa Malindi, rafiki wa Wareno tangu zama za mababu, aligombana na kapteni wa Ngome ya Yesu, akakimbilia bara, na huko akauawa mwaka 1614 kwa hila ya Wareno. Mtoto akapelekwa Goa, akalelewa na watawa wa Mtakatifu Agostino, akabatizwa Dom Jerónimo Chingulia, akaozwa mke Mkristo, hata aliporejeshwa kwao kutawala hapakuwa na sharti la Wareno asilolitimiza.

Hata hivyo, makapteni walimdhili mbele ya raia zake. Siku moja alionekana akiomba dua kwa desturi ya Kiislamu kaburini kwa baba yake. Habari zikamfikia kapteni Pedro Leitão de Gamboa, naye akaazimu kumpeleka Goa akahukumiwe. Yusuf akamtangulia: Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni, akatangaza kurejea Uislamu. Damu nyingi ikamwagika, ikiwamo ya Waafrika Wakristo waliokataa kuacha dini yao, na msiba huo haustahili kusifiwa na yeyote.

Lakini sababu yake ni wazi. Dola ile ilimtaka mtu aache dini, jina na desturi za wazee wake, na alipokwisha kuviacha vyote ikamnyima heshima iliyomwahidi; na dola itendayo hivyo huwafanya maadui hata wale iliowalea kwa mkono wake.